Kupima enkoda za video bila kujidanganya: kasi, ukubwa na ubora

Mara ya kwanza nilipolinganisha enkoda mbili, yaani programu za kubana video, x264 na x265, nilimaliza kazi jioni moja. Nilibana video ileile kwa zote mbili, CRF (namba ya kuchagulia ubora) 23 huku na CRF 23 kule, nikaangalia saa, nikaangalia ukubwa wa mafaili, nikatoa hukumu. Hukumu ile ilikuwa na makosa matatu. Namba 23 ya x264 haina maana sawa na 23 ya x265. Laptopu ilikuwa imeshapata moto zamu ya x265 ilipofika, kwa hiyo yule wa pili alikimbia mbio akiwa amefungwa jiwe mguuni. Na ubora niliupima kwa kusimamisha fremu moja na kuikodolea macho.

Tangu hapo nina kanuni moja ninayoishika. Katika kubana video kuna vitu vitatu: muda, ukubwa wa faili na ubora. Enkoda yoyote inaweza kushinda kwenye kimoja ukiiachia ishindwe kwenye kingine bila wewe kuona. Kwa hiyo funga viwili, upime cha tatu. Hatua zote zilizo hapa chini ni namna ya kuvifunga viwili hivyo visiponyoke.

Kwanza, tofautisha kanuni na fundi

H.264, iliyotoka 2003, ni kanuni: inaeleza faili lililobanwa liweje ili kila kichezaji kilifungue. x264 ni fundi mmoja kati ya wengi wanaotengeneza mafaili ya aina hiyo. Vivyo hivyo H.265 ya 2013 ina x265 na wenzake, na AV1 ya 2018 ina libaom, rav1e na SVT-AV1 ambayo ilianzishwa na Intel pamoja na Netflix. Juu ya hao kuna mafundi waliomo ndani ya chipu zenyewe: NVENC ya NVIDIA, Quick Sync ya Intel, na wengine.

Ndiyo maana mtu akisema "AV1 ni polepole" hajasema kitu kamili. AV1 ya enkoda ipi, na kwa preseti gani, yaani mpangilio gani wa kasi? Tofauti ya kasi kati ya preseti mbili za enkoda moja mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti kati ya enkoda mbili.

Vifaa vya kazi: FFmpeg, programu ya kubana na kugeuza video kwa amri za kuandika, iliyojengwa pamoja na libx264, libx265, libsvtav1 na libvmaf (ya kupimia ubora). Andika `ffmpeg -encoders` kwenye terminali uone enkoda ulizonazo, na `ffmpeg -filters` uone kama libvmaf imo. HandBrake, programu ya kubana video kwa kubofya, ni nzuri kwa kazi ya kila siku, lakini kwa vipimo utahitaji kurudia amri ileile mara nyingi bila kukosea, na hapo kubofya vitufe kunachosha na kunaleta makosa.

Hatua ya 1: Sema kazi yenyewe ni ipi

Unabana mara moja kwa ajili ya kuhifadhi? Basi muda si tatizo, hata usiku mzima sawa. Unarusha moja kwa moja kwa fremu 30 kwa sekunde? Hapo enkoda isiyofikisha 30 imeshatoka mchezoni kabla hujauliza habari ya ubora. Na isikufikishie 30 kwa wastani tu, bali hata kwenye sekunde yenye vurugu kuliko zote, maana picha haimkatikii mtazamaji kwa wastani.

Jiulize pia faili litafunguliwa na nini. Simu nyingi za zamani hazina chipu ya kufungua AV1, zinatumia prosesa, na betri inaisha. Ikiwa watazamaji wako ndio hao, ushindi wa AV1 kwenye jedwali lako hautawafaa.

Hatua ya 2: Chagua vipande vya majaribio

Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibikia. Video moja haitoshi. Mtu aliyekaa mbele ya ukuta akizungumza ni kazi rahisi kwa enkoda yoyote. Zote zitaonekana sawa. Maji yanayoruka, majani yanayotikiswa na upepo, umati unaokimbia, hivyo ndivyo vinavyofichua tofauti. Kuna mkusanyiko wa Xiph ambao watu wa fani wameutumia miaka mingi, wenye vipande kama crowd_run (umati wa wakimbiaji) na ducks_take_off (mabata yanayoruka kutoka majini), na unapakuliwa bure. Ni vizuri kuvijua, ila nakushauri uongeze vipande vya video zako mwenyewe, maana ndizo utakazobana.

Mimi huchukua vipande vitano au sita vya sekunde 20: kimoja kimetulia, kimoja chenye mwendo mkali, kimoja cha giza, kimoja chenye anga au ukuta wa rangi inayofifia polepole, kimoja chenye chembechembe za filamu, na kama kazi inahusu masomo ya kompyuta, kimoja cha skrini yenye maandishi.

Chanzo kiwe safi kadiri inavyowezekana. Ukichukua video iliyokwisha kubanwa vibaya, unawapima mafundi kwa uwezo wao wa kunakili uchafu wa fundi mwingine. Na unapokata, usitumie `-c copy`: ukikata hivyo kipande kinategemea mahali ilipo fremu kuu (ile inayohifadhiwa nzima bila kutegemea nyingine), na mwanzo wake huweza kusogea. Kata kwa FFV1, ambayo haipotezi hata pikseli moja:

`ffmpeg -ss 00:12:30 -i asili.mkv -t 20 -c:v ffv1 -pix_fmt yuv420p -an kipande1.mkv`

Sauti imeondolewa kwa `-an`. Haituhusu leo.

Video za simu zina mtego wake: nyingi hazina idadi thabiti ya fremu kwa sekunde. Zinapanda na kushuka kufuatana na mwanga. Zinyooshe kwenye hatua hii ya kukata, kwa mfano kwa kuongeza `-vf fps=30`, kabla hazijakuvurugia kipimo cha ubora baadaye.

Hatua ya 3: Tuliza mashine

Chomeka laptopu kwenye umeme, funga kivinjari, zima masasisho ya nyuma. Kisha ipe joto kwanza: bana kitu chochote kwa dakika kumi, ndipo uanze kupima. Prosesa ikiwa baridi hukimbia kwa kasi isiyodumu, na ikipata moto hujipunguza yenyewe. Ukianza kupima ikiwa baridi, wa kwanza kupimwa anapendelewa. Ndicho kilichonipata ile jioni.

Rudia kila jaribio mara tatu na uchukue thamani ya katikati. Badilisha pia mpangilio wa zamu: raundi ya kwanza x264 ianze, raundi ya pili imalizie.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijaribu kabisa. Kufungua chanzo nako ni kazi. Endesha hii:

`ffmpeg -benchmark -i kipande1.mkv -f null -`

Hapa FFmpeg inafungua video bila kubana chochote. Ikikuambia fremu 180 kwa sekunde, na x264 kwa preseti ya ultrafast ikakupa 170, ulichopima ni mwendo wa kufungua, si wa x264. Kwa preseti za polepole tatizo halionekani. Kwa za kasi linafunika kila kitu. Dawa ni kutumia video ghafi ya y4m, lakini nayo ina deni lake: fremu moja ya 1920 kwa 1080 ya biti 8 ni takriban megabaiti 3.1, kwa hiyo sekunde 20 za fremu 25 zinakula gigabaiti 1.5 na kidogo. Iweke kwenye RAM ikiwezekana, la sivyo utakuwa unapima diski.

Hatua ya 4: Bana kwa pointi nne, si moja

CRF ni namna ya kuiambia enkoda "shikilia ubora huu, ukubwa utakavyokuja na uje". Namba ndogo ina maana ya ubora wa juu. Lakini kila enkoda ina rula yake: x264 huanzia 23 usipochagua, x265 huanzia 28, na SVT-AV1 ina rula inayofika 63. Kulinganisha CRF 28 ya huyu na 28 ya yule ni kama kulinganisha lita na kilo kwa sababu namba zimefanana.

Kwa hiyo kila enkoda ipe CRF nne zilizotawanyika, upate mstari badala ya nukta:

`for c in 18 23 28 33; do`
`ffmpeg -benchmark -i kipande1.mkv -c:v libx264 -preset slow -crf $c -g 250 -an x264_slow_$c.mkv 2> x264_slow_$c.txt`
`done`

Kwa x265 badilisha iwe `libx265` na CRF 20, 25, 30, 35. Kwa SVT-AV1 tumia `libsvtav1`, `-preset 6`, na CRF 25, 33, 41, 49. Hiyo `-g 250`, yaani umbali wa juu kabisa kati ya fremu kuu mbili, iache ilingane kwa wote. Fremu kuu ni ghali, na enkoda inayoweka nyingi itaonekana mbaya bila kosa lake.

Angalia mwelekeo wa preseti. x264 na x265 hutumia majina, kuanzia ultrafast hadi placebo. (Hilo la mwisho waliliita hivyo kwa kusudi: muda unaongezeka sana na tofauti huioni.) SVT-AV1 hutumia namba, na namba kubwa ndiyo ya kasi. NVENC nayo ina p1 hadi p7, ila kwake p7 ndiyo ya polepole. Nimeshawahi kumwona mtu akiilaumu enkoda kwa siku mbili kumbe amegeuza rula.

Ndani ya lile faili la .txt, kuelekea mwisho, utakuta mstari wenye `utime` na `rtime`. `rtime` ni muda wa saa ya ukutani. `utime` ni jumla ya muda ambao viini vyote vya prosesa vimefanya kazi. Andika zote mbili. Enkoda moja inaweza kumaliza mapema kwa sababu inajua kugawa kazi kwenye viini vingi, siyo kwa sababu kazi yake ni nyepesi. Siku ukiendesha video nne kwa pamoja kwenye mashine moja, faida ile inayeyuka na `utime` ndiyo inayotawala.

Bitireti nayo ni hesabu ya shule ya msingi: ukubwa wa faili kwa baiti, zidisha kwa 8, gawa kwa sekunde. Faili la baiti 7,500,000 la sekunde 20 ni biti 3,000,000 kwa sekunde, yaani kilobiti 3000.

Hatua ya 5: Pima ubora kwa namba

Vipimo vinavyotajwa sana ni vitatu. PSNR ni ya zamani na hesabu yake ni nyepesi, inahesabu tu pikseli zimekosana kiasi gani. SSIM ya 2004 inaangalia zaidi umbo la picha. VMAF, ambayo Netflix iliifungulia umma mwaka 2016, ilifunzwa kwa alama walizotoa watazamaji, na inatoa alama kutoka 0 hadi 100. Mimi hutegemea VMAF, PSNR naiweka pembeni kama shahidi.

`ffmpeg -i x264_slow_23.mkv -i kipande1.mkv -lavfi "[0:v]setpts=PTS-STARTPTS[a];[1:v]setpts=PTS-STARTPTS[b];[a][b]libvmaf=log_fmt=json:log_path=x264_slow_23.json:n_threads=8" -f null -`

Faili lililobanwa linatangulia, chanzo kinafuata. Zile `setpts` zinahakikisha zote mbili zinaanzia sifuri. Fremu zikipishana hata kwa moja tu, alama inaporomoka, hasa kwenye mwendo mkali: utaona 50 au 60 kwenye video ambayo kwa macho haina kasoro. Ukiona alama ya ajabu namna hiyo, usiilaumu enkoda kwanza; kagua mpangilio wa fremu.

Jaribu pia kulinganisha chanzo na chanzo chenyewe. Alama itakuwa karibu na 100, ingawa si lazima ifike. Hiyo ndiyo dari yako.

Modeli ya kawaida ya VMAF inachukulia kuwa mtu anatazama picha ya 1080p akiwa umbali wa mara tatu ya kimo cha skrini. Ukipima 4K, ongeza `model=version=vmaf_4k_v0.6.1`. Na ikiwa umebana kwa ukubwa mdogo kuliko chanzo, kwa mfano 720p kutoka 1080p, ikuze kwanza irudi 1080p ndani ya amri ya kupima, kwa kuwa hivyo ndivyo skrini ya mtazamaji itakavyoifanya.

Sasa lile ninalolisisitiza kuliko yote hapa: usiishie kwenye wastani. Kipande cha sekunde 20 chenye fremu 25 kwa sekunde kina fremu 500. Asilimia 5 ya fremu hizo ni 25, na zikiwa mfululizo ni sekunde nzima ya picha iliyovurugika. Wastani unaweza kubaki 94 huku sekunde hiyo ikiwa na 70, na mtazamaji ataikumbuka sekunde hiyo tu. Faili la .json lina alama ya kila fremu. Zipange kutoka chini kwenda juu na uandike alama ya fremu ya 25 kando ya wastani. Enkoda mbili zenye wastani sawa hupambanuka hapo.

Jua pia kuwa namba zinadanganyika. Ukinoa picha kidogo kabla ya kubana, VMAF inaweza kupanda bila picha kuwa karibu zaidi na chanzo. x264 kwa upande wake ina mbinu za kutunza chembechembe ambazo jicho linazipenda lakini PSNR inaziadhibu. Ndiyo sababu ipo `-tune psnr`, ambayo inapandisha alama na kushusha picha. Pima kwa mipangilio utakayoitumia kweli.

Hatua ya 6: Soma mistari, siyo nukta

Chora grafu: bitireti chini, VMAF pembeni, mstari mmoja kwa kila enkoda na preseti yake. Kisha chagua ubora unaoutaka, tuseme 94, upige mstari wa mlalo uone kila mmoja anaukata wapi.

Tuseme A, kwa preseti ya wastani, inafika 94 kwa kilobiti 3000, na B inafika palepale kwa 2100. B imeokoa asilimia 30. Wengi huishia hapo na kutangaza mshindi. Lakini tazama saa: A ilichukua sekunde 40, B 160. Ubora umefungwa, ukubwa umepimwa, muda je? Umeachwa wazi.

Basi ufunge muda nao. Rudisha A kwenye preseti ya polepole zaidi mpaka nayo itumie kama sekunde 160, uipime upya. Ikishuka hadi 2600, faida halisi ya B kwa muda uleule ni chini ya asilimia 20. Fanya na kinyume chake: ikimbize B mpaka imalize kwa sekunde 40. Mara nyingine enkoda ya kanuni mpya, ikikimbizwa kwa preseti ya haraka, bado inamshinda mkongwe anayejikongoja kwa preseti ya polepole. Mara nyingine inaporomoka. Hujui mpaka upime, na jibu la kipande cha umati si lazima liwe jibu la kipande cha giza.

Ukitaka namba moja kwa mstari mzima badala ya pointi moja, ipo njia ya Bjøntegaard ya 2001, wenyewe huiita BD-rate: inatoa wastani wa asilimia ya biti zilizookolewa kwenye eneo ambalo mistari miwili inakutana kwa ubora. Inafaa, mradi mistari ikutane kweli. Ikiwa CRF ulizochagua zinampa mmoja alama 95 hadi 99 na mwingine 70 hadi 88, hakuna eneo la pamoja la kulinganisha. Rudi hatua ya 4 usogeze CRF.

Enkoda za kwenye chipu zisome kwa jicho tofauti kidogo. Kasi yake ni kubwa na prosesa inabaki huru kwa kazi nyingine, lakini kwa kawaida zinahitaji biti zaidi kufikia ubora wa x264 au x265 ya polepole. Na uwezo wake unafuata kizazi cha chipu, kwa hiyo matokeo ya NVENC ya kadi moja usiyahamishie kadi ya zamani zaidi.

Hatua ya 7: Macho, bila kujua nani ni nani

Chukua mafaili yenye bitireti iliyokaribiana, tofauti isizidi asilimia 2 au 3. Mwombe mtu mwingine ayabadilishe majina yawe p, q na r, na aandike siri yake kwenye karatasi. Tazama kwa kasi ya kawaida, skrini ileile, mwanga uleule. Andika uchaguzi wako kabla ya kufunua karatasi.

Usisimamishe fremu. Kwenye sekunde ileile, faili moja linaweza kuwa kwenye fremu kuu na jingine kwenye fremu ya kati iliyopewa biti chache, na unachokiona kwenye picha iliyoganda hakionekani video ikiwa inatembea.

Kitu cha kutafuta kinategemea kipande. Kwenye anga, tafuta tabaka za rangi zinazojitokeza kama ngazi. VMAF ni dhaifu hapo kiasi kwamba Netflix ilitengeneza kipimo kingine, CAMBI, kwa ajili ya tabaka hizo tu. Kwenye giza, tafuta vimraba vinavyochezacheza kwenye vivuli. Kwenye nyuso, angalia kama ngozi imelainishwa ikawa plastiki. Mara kadhaa nimeichagua faili ambayo VMAF iliipa pointi moja pungufu, kwa sababu yenye alama kubwa ilikuwa imefuta chembechembe zote za filamu.

Mwisho, kwenye jedwali weka safu ya toleo la kila enkoda, preseti, aina ya prosesa na amri nzima uliyotumia, neno kwa neno. SVT-AV1 hasa hubadilika sana kati ya toleo na toleo, na preseti 6 ya toleo jipya inaweza kutofautiana na preseti 6 uliyoipima wewe.